Unywele Mweupe

Zamani Makame alikuwa shujaa mdogo katika kurasa za mwisho za gazeti la katuni: barakoa nyekundu, mwili usiozeeka. Gazeti lilikufa. Yeye akabaki na uso ule ule wa kijana.

Asubuhi hiyo alikuwa akimchana nywele mkewe, Bi Mwanakheri, ambaye sasa hakuwa na jino hata moja.

Jirani mpya akaingia na bakuli la uji.

"Shikamoo, bibi. Leo una mgeni?"

"Huyu mume wangu."

Jirani akaangua kicheko, kama watu wanavyocheka bibi akimtania mjukuu wake.

"Basi mimi mke mwenzio!"

Makame naye akacheka. Nani angemwamini? Bi Mwanakheri hakucheka.

"Mwambie basi," alimsihi. "Mwambie wewe."

Makame akainamia kitana, akaendelea kuchana.

Makame alipotoka nje, aliona unywele mmoja mweupe umenasa kwenye shati lake. Akasimama mbele ya kioo cha kinyozi, akaulaza juu ya kichwa chake cheusi, akaushikilia kwa kidole upepo usiuchukue.