Malai ya Babu

Ubao ulikuwa umelambwa tena.

Si kwamba kilidokolewa kidonge kimoja au viwili vya malai. Ulikuwa safi kabisa, kana kwamba umesuguliwa kwa maji ya moto. Sargilana aliuinua kutoka juu ya pipa kando ya ghala, akaugeuza huku na huku, kisha akalitazama dirisha la chumba cha baba mkwe wake, Mzee Biotur. Pazia lilikuwa limefungwa.

"Nani kala malai?" aliwauliza watoto wake pacha.

"Babu," alisema Duolan.

"Babu kala yote," Aita alidakia, akiinua glavu iliyolowa chapachapa. "Na hapa kalamba."

Watoto wadogo kiasi kile hawajajifunza kusingizia. Alikuwa amewaacha uani kidogo tu, akaangalie sufuria jikoni. Muda mfupi kabla ya hapo walikuwa wote watatu kwenye theluji, yeye akiyapekecha malai na matunda mekundu ya msituni, akiba ya mwaka jana, mpaka yakaumuka, wao wakiyadondosha ubaoni kwa vijiko, huku wakigombea nani kadondosha kikubwa. Ilikuwa baridi ya mwanzo wa msimu, ukitema mate bado yanafika chini yakiwa mate, lakini vidonge viliganda palepale. Na sasa hakuna hata kimoja.

Mbwa naye alikuwa amejikunyata chini ya baraza, kimya. Angekuwa mtu wa nje, si angebweka? Na nyayo zile kando ya pipa, zilizoanza kufunikwa na theluji mpya, zilikuwa pana, za kuburutwa, za mtu mzito aliyechoka.

Moyo ulimuuma Sargilana. Daktari alikwisha kusema wazi: Mzee Biotur akiendelea na vitu vitamu, mguu wa kushoto utakatwa, na baada ya mguu hakuna ahadi. Ayaal, mumewe, alikuwa safarini na lori lake. Mzee alikuwa mikononi mwake yeye peke yake.

Alimkuta mezani, mbele ya chai isiyo na sukari.

"Baba, malai yameliwa tena."

"Na nani?"

"Watoto wamekuona, baba."

Mzee alikiweka kikombe chini polepole. "Mimi sijatoka nje leo, mwanangu."

"Nyayo nazo zinasema uongo?"

"Sijui nyayo zinasema nini. Mimi nasema sijatoka." Alisukuma kikombe pembeni. "Utanichunga kama mtoto sasa? Basi ninuse mdomo."

Hakumnusa. Aliona aibu. Lakini aliona pia jinsi mzee alivyokwepa macho yake, na shaka ikazidi kukomaa.

Jioni, Nyukulay jirani, mwindaji aliyekua pamoja na Ayaal, alisimama langoni na bunduki begani kama kawaida yake. Hakutaka hata chai.

"Shemeji, nimekuja mara moja. Babu mwaka huu halali. Anazungukazunguka hovyo. Watoto wasibaki nje peke yao."

"Hayo unaniambia mimi, shem? Mimi ndiye ninayeishi naye!"

Nyukulay alimkodolea macho, kisha akaangua kicheko. "Watu wa mjini nyie! Mna roho ngumu."

"Si mchezo. Anapenda utamu kupita kiasi."

"Apende nini tena? Msitu umeungua, matunda hakupata."

Hilo Sargilana alilijua. Mzee alikuwa amerudi kutoka msituni na ndoo tupu.

"Kesho namwondoa," alisema.

"Unamwondoa? Wewe? Kwa mikono yako?"

"Kwa gari. Anakwenda kwa wifi yangu, huko yuko karibu na hospitali."

Nyukulay alicheka mpaka akajishika ubavu. "Mfunge na mkanda basi, shemeji!" Akaondoka akiendelea kucheka, naye Sargilana akabaki langoni na hasira. Hivi maradhi ya mzee ni ya kuchekwa?

Asubuhi begi la Mzee Biotur lilikuwa tayari limewekwa karibu na mlango. Mzee hakubisha. Alikunja shati lake la sikukuu, akauliza tu kama wajukuu wataletwa kumsalimu, kisha akarudi chumbani kusubiri gari.

Swali hilo lilimkata maini Sargilana. Angekuwa na uhakika, asingeumia hivi. Aliwavika watoto makoti, wakatoka uani wakapekecha malai mengine, wakayapanga ubaoni. Safari hii hakuwaacha huko. Aliwaingiza ndani, akawasimamisha juu ya benchi dirishani, pua zao zikiugusa ukungu wa kioo.

"Mkimwona anayekula, semeni kwa sauti."

Yeye akajibanza nyuma ya mlango wa mbele, mkono kwenye kitasa. Alijiombea aibike yeye kuliko kumfumania mzee wa watu.

Kuni zikalia jikoni.

"Babu!" Duolan alipiga kelele, akirukaruka. "Babu huyo!"

"Babu anakula!" Aita akapiga makofi.

Machozi yalimlenga Sargilana. Kumbe kweli. Kumbe mzee alimdanganya waziwazi. Alikaza mkono kwenye kitasa.

"Mbona mnaniita?"

Aligeuka. Mzee Biotur alikuwa mlangoni mwa chumba chake, soksi miguuni, shati la sikukuu mkononi. Alisogea hadi kwenye benchi, akainama katikati ya wajukuu, akachungulia. Kisha akawakumbatia wote wawili, akawashusha taratibu, akanyoosha mkono kuutoa mkono wa mkwewe kwenye kitasa.

"Shusha sauti, mwanangu," alinong'ona. "Na usimtaje jina, huku kwetu hatajwi. Mwite Babu tu, kama wanavyomwita watoto."

Nje, bila haraka yoyote, dubu alikuwa akimalizia kulamba ubao.