Mikono ya Kombo

Siku ya kumi na nne Semeni alimkalisha mwanawe mkekani, akaanza kumfungua. Muuguzi ndiye aliyemfundisha kuzungushia kila kiwiko kipande cha boksi na kukikaza kwa kitambaa cha khanga, ili mtoto asitie vidole kinywani akafumua nyuzi. Kaakaa alilozaliwa nalo limepasuka lilikuwa ndiyo kwanza limeshonwa. Wiki mbili nzima Kombo alilia na mikono imenyooka, hawezi hata kumshika mama yake shingoni. Kila asubuhi Semeni alimwosha, akamfunga tena, bila kuthubutu kumtazama machoni.

"Umemfunga kama mwizi wa kuku," mama mkwe hakuchoka kumwambia. Leo alisema kwa upole, "Basi yamekwisha, mwanangu. Yatupe hayo maboksi."

"Mdomo walishashona, mama, na kaakaa hilo limeziba. Bado ufizi nao kushonwa, akifika miaka minane."

"Kisha afungwe tena?"

Semeni alifungua fundo la mwisho. Mikono midogo ikabaki wazi, imechorwa mistari ya kitambaa. Akatanua yake, akamngoja aje.

Kombo aliitazama mikono yake kwa muda. Kisha akaviokota vile vipande vya boksi, kimoja kimoja, akamwekea mama yake mapajani. Akanyoosha mikono yote miwili mbele yake, imekakamaa, akasimama kimya kungoja afungwe.