Karibu Chakula

Katika mji mmoja wa nchi yenye mali nyingi, serikali ilitangaza kuwa orodha ya wenye njaa imezidi urefu; nchi tajiri haiwezi kuwa na watu wote hao. Basi mkaguzi akatumwa nyumba kwa nyumba. Atakayekutwa na chakula, jina lake linakatwa, na mgao wa unga hauoni tena.

Bi Hidaya alikuwa ameketi mkekani na mumewe asiyeona, tangu jana hawajatia kitu tumboni, aliposikia hodi.

"Karibu, mwanangu. Karibu chakula," akaitikia, kama alivyomwitikia kila mgeni tangu alipoolewa.

Kalamu ya mkaguzi ikasimama. "Kumbe kipo!"

Bi Hidaya akatikisa kichwa. "Ni maneno tu, baba. Ni heshima ya mgeni."

"Heshima haipikwi, bibi. Kama kipo, nakukata. Kama hakipo, umemdanganya mtu wa serikali, nakukata vilevile." Akavua viatu, akaketi mkekani, akakunja mikono ya shati. "Mimi nimeshakaribia. Ninawishe."

Mumewe akainua uso, anatabasamu. "Umepika nini, mke wangu? Mbona hukuniambia?"

Bi Hidaya akainuka. Akaleta birika na beseni, akapiga magoti, akaanza kumnawisha mgeni polepole, maji membamba kama uzi, huku birika likizidi kuwa jepesi mkononi mwake.