Mishono Saba

Nilisimama mbele ya kaunta ya polisi nimekumbatia mfuko wa plastiki, na ndani yake kizibao. Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona vya kila aina, lakini sijawahi kushona kizibao cha mifuko kumi na miwili, kila mfuko umepimwa kwa kipande cha bomba la chuma.

"Kivaliwe chini ya koti, kisionekane," mteja aliniambia.

Siku tatu usingizi ulinipaa. Leo nikasema liwalo na liwe, nakwenda kusema.

"Wewe mama, usinizibie kaunta," afande alifoka. "Nyinyi watu wa mtaa wa kule nyuma nyote magaidi tu. Una shida gani?"

"Nimekuja kuripoti, afande. Kuna mtu..."

Akavuta daftari, mkono wa shati ukapanda. Hapo nikaiona saa. Mkanda wake ulikatika mwaka jana, nikaushona mwenyewe kwa uzi wa kijani, mishono saba, wa mwisho umekwenda upande. Ni saa ya mdogo wangu. Polisi walimzoa kwenye msako mwezi uliopita, akarudi bila saa na bila meno mawili ya mbele.

"Mtu gani?" Kalamu yake ilikuwa tayari.

Mimi bado naangalia ule uzi.

"Basi, afande. Nimekosea."

"Na humo kwenye mfuko mna nini?"

"Nguo ya mteja," nikamjibu. "Anaifuata jioni hii, na bado sijaitia vifungo."