Kifuniko Kifunguke

Siku Sze Yin alipokwenda kukaa na babu yake, mama yake, Kuan, alisahau kumfungashia mafuta.

Vingine vyote alivikumbuka. Nguo sita, chupa mbili za maziwa, kofia ya njano, blanketi lenye mabata. Kopo la mafuta lilibaki kando ya kitanda, na Kuan hakuliona mpaka kesho yake, watu walipokwisha kutawanyika.

"Yupo na babu yake," mama mkwe alimwambia wiki ile, na wiki zote zilizofuata. "Hayuko peke yake." Maneno hayo ndiyo yaliyompa Kuan usingizi.

Lakini mtoto aliondoka mwili ukimchemka, na Ipoh ni mji wa joto. Jambo hilo halikumtoka Kuan kichwani. Alimsumbua mumewe hadi mwezi wa saba, Weng akawapelekea kiyoyozi, kikubwa, chenye rimoti yake. Siku hiyo Weng alicheka kidogo, mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Baba yake hakupata kukivumilia kiyoyozi. Hata benki alikuwa akisubiri nje, juani.

Kisha zikaja ndoto. Sze Yin amekaa chini ya kile kiyoyozi, anajikuna. Miguu imepauka kama ukuta wa chokaa, nyuma ya magoti ngozi imepasuka. Halii. Anajikuna tu na kumtazama mama yake, kama mtu aliyeahidiwa kitu.

Ndoto ilipomrudia mara ya tatu, Kuan alielewa kosa lake. Alipeleka baridi, hakupeleka mafuta.

Nyumbani kwao Kuala Lumpur alijua namna ya kuishi na upepo ule mkavu. Aliweka beseni la maji chumbani, akasogeza kitanda pembeni ili upepo usimpige mtoto moja kwa moja. Alimwogesha maji ya vuguvugu, dakika tano tu, akamkausha kwa kumgusagusa bila kumsugua, akampaka mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu. Huko nani angemfanyia hayo?

"Babu yake alilea wanne kwa feni na mafuta ya mnanaa," mama mkwe alisema. "Na mmoja tu ndiye aliyetoka hamnazo." Alimtupia Weng jicho.

"Mafuta ya mnanaa yatamuunguza, Mama."

 Mama mkwe alisema basi wayatume, ila mzigo usiandikwe jina la mtoto. Mkubwa hamtumii mdogo, si desturi. Uandikwe jina la babu, yeye atampa.

Duka la Mzee Foong lilikuwa na simu, viatu, saa, hata magari. Mafuta ya mtoto hayakuwepo. Alisema hajawahi kuombwa kitu hicho, ila akipewa siku tatu atatengeneza. Kuan akamwachia lile kopo la kando ya kitanda aliangalie vizuri, akaagiza na beseni dogo.

"Na kifuniko kifunguke," alisema.

"Dada yangu, hakuna anayeniulizaga kama kifuniko kinafunguka."

"Mimi nakuuliza. Vidole vya Babu havina nguvu."

Mzee Foong akachukua kalamu na kuandika: kifunguke.

Jioni Kuan alikaa mezani akaandika maelekezo. Dakika tano. Maji ya vuguvugu. Beseni karibu na kitanda. Usitumie mafuta yako ya mnanaa. Weng alisoma juu ya bega lake, akamwambia Baba hasomi barua ndefu. Kuan akachukua karatasi nyingine, akaiandika upya kwa ufupi, herufi kubwakubwa.

Mwezi wa nne, asubuhi ambayo kila mtu hurudi kwa wazee wake, barabara ya Ipoh ilijaa. Nyuma ya gari kulikuwa na kuku mzima, nyama ya nguruwe ya kuchoma, machungwa, na kahawa nyeusi anayoipenda Babu. Weng alitaka kuuweka mzigo wa mtoto hukohuko.

"Utapondeka," Kuan alisema. Akaupakata njia nzima, wakiwa wamefungua madirisha. Haukuwa na uzito wowote.

Walifika saa tatu. Kwa Babu nyasi zilikuwa zimefika magotini, Weng akashika panga akafyeka kabla hawajaingiza chochote. Mama mkwe alipanga chakula, akamimina kahawa, akamwita mumewe kwa jina lake lote, mara tatu, kwa sauti ile ya kumwita mtu aliye uani.

"Njoo upokee," alisema. "Huu ni wa mtoto. Mkwe wako amekuandikia, soma yote, usijifanye unajua."

Kuan aliufungua mzigo. Alikizungusha kifuniko cha kopo kwa vidole viwili, polepole, kikafunguka. Akakiacha hivyohivyo, Babu asihangaike.

Kisha Weng akapiga kiberiti, na pale kati ya kaburi refu na lile fupi, kopo la karatasi likashika moto lipate kumfikia mtoto, kifuniko kikiwa wazi.