Utando Shingoni mwa Profesa

"Tena, baba. Hapo hapo, usiruke."

Baba akairudia ile aya ya Kiebrania, silabi moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Kwenye kompyuta, wimbi la kijani likainuka. Alipomeza mate, likalala. Alipoendelea, likainuka tena.

"Unaona?" Mhandisi alisema. "Mama anaitikia."

Mama yake alikuwa amelala amefumba macho tangu kiharusi kilipomwangusha mbele ya wanafunzi wake. Shingoni alikuwa amebandikwa utando mwembamba kama ganda la kitunguu, uliounganishwa na kompyuta. Mhandisi aliuchapa mwenyewe maabarani, kwa wino ambao ukishakauka hutoa umeme kidogo kila unapobonyezwa au kutikiswa. Kazi yake hasa ilikuwa kusikiliza nyufa kwenye madaraja. Sasa alikuwa akisikiliza koo la mama, apate kujua kama linajaribu kujibu.

Mama ndiye aliyeitwa Profesa. Nusu ya maisha yake aliitumia kwenye Maandiko ya Kiyahudi, na sehemu kubwa ya nusu hiyo ikaishia kwenye aya moja, kwa ajili ya neno moja ambalo masikioni ni lile lile lakini huandikwa kwa namna mbili. Liandike hivi, mtu aliyepoteza kila kitu anasema bado anamtumaini Mungu. Liandike vile, anasema hana tumaini. Profesa aliandika vitabu viwili juu ya neno hilo, na katika vyote hakuamua. "Mama nawe, si uchague moja tule," Mhandisi alikuwa akimtania utotoni, chakula kikipoa mezani.

Baba alikuwa mshonaji. Mkewe alimfundisha herufi za Kiebrania jioni, cherehani ikishapumzika. Alizisoma, ila maana zilimpita. "Mwanafunzi wangu mbovu kuliko wote," Profesa alipenda kuwaambia wageni, "na ndiye pekee aliyenioa."

Mchana Daktari akaja kujionea. Alikuwa ameshawaeleza bila kuficha: wodi ya mazoezi ilibaki na kitanda kimoja. Huko wagonjwa hufundishwa upya kumeza, kukaa, hata kusema. Asiyepata nafasi hupelekwa jengo la nyuma, ambako watu huoshwa, hugeuzwa ubavu, na husubiriwa.

"Nitampa yule anayeonyesha kwamba bado yumo," alisema. "Kwa vipimo vyetu, Profesa hayumo."

"Usiseme hivyo mbele yake," baba akamkata kauli.

Mwingine aliyekuwa akingojea kitanda hicho ni kijana aliyelala upande wa pili wa chumba, fundi wa ujenzi aliyeanguka kutoka ghorofani. Naye hakuweza kusema wala kuinua kidole. Lakini mama yake akitembea chumbani, macho yake yalimfuata.

Baba akasoma. Wimbi likainuka, likalala, likainuka. Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Haya mambo sijawahi kuyaona," alisema hatimaye. "Basi. Kesho Profesa atahamia wodi ya mazoezi."

Alipotoka, baba hakuweza kuacha. Alisogea dirishani na kitabu chake, akasoma kwa sauti kubwa kama mtoto aliyesifiwa shuleni. Mhandisi aliinama kumfuta mama jasho, kitambaa mkononi. Akasita.

Utando ulikuwa umebanduka. Ulikuwa juu ya mto, haugusi ngozi. Na kwenye kompyuta wimbi lilikuwa linacheza.

Akauchukua, akauweka kwenye meza mwisho wa kitanda. Wimbi likaendelea kucheza.

"Baba, nyamaza kidogo."

Wimbi likalala.

"Sasa sema lolote."

"Lolote," baba akasema, akacheka kwa furaha. Wimbi likainuka juu kuliko siku zote.

Ilikuwa sauti yake tu, ikiupiga utando kama ngozi ya ngoma. Jambo ambalo Mhandisi angelimwonya nalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, lilimpita yeye mwenyewe, kwa kuwa alitaka mno.

Hakuna aliyeona. Ng'ambo ya chumba, mama wa yule kijana alikuwa akimkata mwanawe kucha, na kijana akimtazama. Mhandisi aliutia utando mfukoni, akatoka kumfuata Daktari.

Baba alipoelezwa, aliinua macho kutoka kitabuni. "Ungeweza kunyamaza," alisema. Hakuwa amekasirika.

"Mama angenikana, baba."

"Ndiyo," baba alisema. "Angekukana."

Kesho yake kijana alisukumwa kwenda wodi ya mazoezi, na Profesa akapelekwa jengo la nyuma, chumba cha peke yake, dirisha likitazama ukuta. Baba alimnyooshea shuka na kuzikunja pembe zake kwa ustadi wa mtu wa nguo. Kisha, kwa mazoea, akaketi na kufungua kitabu.

"Hasikii, baba." Mhandisi alimshika bega. "Mimi ndiye niliyekuaminisha. Nisamehe. Tusijidanganye tena."

Baba alibaki na kitabu wazi magotini.  Kisha akakifunga.

"Haya, mwanangu," alisema. "Kama hasikii, tunamsomea nani?"

Walizima taa, wakatoka.

Profesa aliusikia mlango ukifungwa.