Picha ya Kikombe

Siku hizo kila nyumba ilirekodiwa filamu ya maisha yake. Mtu akifariki, mtoto wake mkubwa alichagua picha moja tu ya filamu hiyo. Picha hiyo ilitundikwa mlangoni pa nyumba hiyo kwa miaka kumi, na filamu yenyewe ikafutwa.

Mwanaisha alikaa mbele ya kompyuta na donge lake moyoni. Kwenye matanga ya mama yake, wifi yake Saumu alisema mbele za watu, "Huyu kaja kulia tu, kuuguza alituachia sisi." Yalikuwa maneno ya kweli, ndiyo maana yalimchoma.

Akaitazama filamu. Alimwona Saumu akimwogesha mama, akimlisha uji, akimgeuza kitandani. Hakusimamisha. Alipofika pale Saumu anapokiondoa kikombe cha maji, na mama kanyoosha mkono, ndipo alipoigandisha. Sekunde chache mbele Saumu alirudi na maji mengine, maana yale yalikuwa yameingia nzi. Mwanaisha alilitazama hilo mara tatu, kisha akabonyeza kuhifadhi.

Picha ilipotundikwa, mdogo wake Shomari alipiga simu.

"Dada, kweli mke wangu alimnyima mama maji?"

"Picha si unaiona?"

"Anasema kulikuwa na nzi."

"Basi akuonyeshe huyo nzi."

Nyuma ya Shomari, kwenye simu, Mwanaisha alisikia sauti ya mtoto ikiuliza, taratibu kabisa, "Mama, ulikuwa unamfanya nini bibi?"